Saluni ya Kusuka Vipara

Sehemu ya tano

Maneno yalianzia sokoni Njombe, kwenye meza za viazi, na aliyeniletea ni Prisila, jirani yangu na mwenzangu wa biashara.

"Kamwene, Mama Leti."

"Kamwene."

"Nasikia binti yako huko Makambako anasuka mpaka vipara."

Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Na mimi nikacheka, maana sikuelewa.

"Vipara vya nani?"

"Vya madereva wa malori, dada. Mtu anashuka kwenye lori, kichwa kama yai la bata, anaingia saluni ya kusuka. Dakika mbili katoka. Kasukwa nini huyo? Kope?"

"Labda anamfuata dada wa saluni," mmoja wao akasema.

"Wote?"

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga debe lake la viazi. Mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Tangu siku ile nikawa siponi. Nikipima viazi, vipara. Nikipika, vipara. Jumapili nikaenda misa nipumzike, padri akainama kusoma Injili, naye ana kipara. Mahubiri ya siku ile sijui yalihusu nini.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo: mimi niliishia darasa la saba. Letisia ndiye mtoto wangu wa kwanza, ana miaka ishirini na sita, kazi yake kusuka nywele. Nimeshaeleza alivyosinzia na sahani mkononi kwenye msiba wa bibi yake, mchuzi ukawamwagikia wafiwa, watu wakasema ni pombe ya ulanzi. Nimeeleza cherehani yangu ilivyotoweka, na zile karatasi za kung'aa za pakiti ya sigara nilizozikuta chooni zimeungua. Nimeeleza na mganga aliyesema ni pepo la ziwani kutoka Lupingu, mahali ambapo Letisia hajawahi kukanyaga.

Hapo ndipo tulipoishia. Leo nasimulia kosa. Si la mganga wala si la Letisia. Langu.

Alhamisi ya wiki iliyopita, baridi ile yetu ya kuvaa sweta mbili, Letisia akaja nyumbani bila kuitwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefukuzwa?" Huyo ni Basil, mume wangu.

"Nimekuja kupumzika. Jumatatu asubuhi naondoka."

"Unarudi Makambako?"

"Napita Makambako."

Hakuna aliyemuuliza anapita kwenda wapi.

Basil akanifuata jikoni. "Ficha redio."

"Basil, ni mwanao."

"Ndiyo maana nasema ficha. Angekuwa mgeni ningemwamini."

Jioni Letisia alikula viazi vitatu, akaosha vyombo vyote bila kuambiwa. Alikuwa amekonda, mikono ya sweta ameivuta mpaka kwenye vidole. Akaja akakaa karibu yangu kwenye moto.

"Mama, Jumapili tukitoka misa nina neno la kuwaambia wewe na baba."

"Niambie sasa."

"Jumapili."

"Una mimba?"

Akacheka. "Mama nawe! Acha kwanza nifike Jumapili."

Nililala na vipara vyangu, na sasa na hilo neno la Jumapili juu yake.

Ijumaa asubuhi akatoka kwenda bombani. Nikafungua mkoba wake. Sitakuambia nilikuwa natafuta kanga. Nilikuwa napekua.

Ndani kulikuwa na kikopo cha mafuta ya nywele. Nikakitikisa, kikalia. Mafuta hayalii. Nikafungua, nikakuta vifurushi vinne vidogo vya nailoni nyeupe, vimefungwa kwa uzi wa kusukia. Huko mjini wanaviita kete. Kila kimoja kimeandikwa herufi kwa kalamu.

I. J. J. J.

Na havikulingana. Cha I kilikuwa kama punje ya hindi. Kinachofuata kidogo kuliko hicho. Cha mwisho kama punje ya ulezi, ungeweza kukidondosha usikione tena.

Nikakaa kitandani nikaanza kutafuta wenyewe. J wa kwanza nikasema ni Joackim, yule kijana wa gereji. J wa pili, Jasmine wa genge la nyanya. J wa tatu sikumpata. I nikasema huyo ni Isaya yeyote. Kikubwa cha mwenye nazo, kidogo cha asiyenazo. Vipara vya Prisila sasa vilikuwa na majina.

Sasa nifanye nini? Mtaani kwetu hakuna wa kumuuliza. Ukiuliza kuhusu madawa, kabla hujafika nyumbani umeshakuwa mama wa teja. Lakini zahanati nilikuwa nimewahi kuona bango ukutani, kijana ameshika kichwa, chini yake maandishi makubwa: PATA TAARIFA. TOA TAARIFA. OKOA MAISHA.

Nikataka lile la kwanza. Nijue hiki kitu ni nini, kinaua au hakiui, mtu anapelekwa wapi, dawa ya kumtoa anayo nani. Basi. Nikaweka kikopo ndani ya kikapu, nikafunika na viazi, nikaondoka kabla Letisia hajarudi na maji.

Zahanati nilisimama kwenye dirisha la kwanza nililoliona.

"Hapa ni mama na mtoto," dada wa dirishani akasema.

"Na mimi ni mama, nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Ana miezi mingapi?"

"Miaka ishirini na sita."

Wenye watoto mgongoni wakageuka wote. Yule dada akasogea karibu na kioo, akapunguza sauti, na namshukuru kwa hilo. "Shida yake nini, mama?"

"Mambo ya madawa."

"Hayo anayo Sista Hosiana. Leo yupo safari, kesho asubuhi utamkuta. Njoo kesho."

Kesho. Nina sumu chini ya viazi, nyumbani kuna mtu ataifuata, naambiwa kesho. Nikatoka. Ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, kuna kituo cha polisi. Nikajiambia, serikali ni moja.

Hapa nieleze jambo, maana wa mbali hatanielewa. Sisi huku nyumbani tunaongea Kibena, sokoni tunachanganya, Kiswahili cha ofisini tulifundishwa shuleni. Ukifika mbele ya meza yenye karatasi unanyoosha mgongo unasema sentensi moja ileile: "Nimekuja kutoa taarifa." Mtoto kazaliwa, unatoa taarifa. Ng'ombe kapotea, unatoa taarifa. Bomba limepasuka, unatoa taarifa. Sijawahi kumsikia mtu wa mtaani kwetu akisema amekwenda kupata taarifa. Upate wewe kama nani?

Aliyekuwa mezani ni mzee wa makamo, mpole, miwani imeshuka puani. Baadaye nilijua anaitwa Afande Danieli.

"Karibu mama. Tukusaidie nini?"

"Nimekuja kutoa taarifa."

Akavuta kitabu. "Taarifa ya nini?"

"Ya madawa ya kulevya."

Kalamu ikasimama. "Ya mtu unayemjua?"

"Mwanangu wa kumzaa."

"Pole sana, mama. Anatumia au anauza?"

Mama mwenzangu, hapo ndipo nilipomuua mwanangu, kama atakufa.

Nilimkumbuka kijana mmoja tuliyemzika mwaka juzi. Alikuwa anatumia. Aliokotwa mtaroni, jeneza lilikuwa jepesi hata wabebaji wakaona haya. Wauzaji nao nimewaona. Wananenepa. Wanapaua nyumba. Nikajiambia muuzaji ni mzima, atagombezwa na serikali, ataogopa, ataacha. Mtumiaji ni maiti inayongoja mbao. Nikamchagulia mwanangu lililo bora.

"Anauza."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Saluni yake inasuka vipara."

Yeye hakucheka. Akaandika. "Saluni ni yake?"

"Ni yake."

Sisi ndivyo tunavyosema. Mtu akifundisha mahali, tunasema shule yake. Akilima chai ya kampuni, chai yake. Sikujua kwamba kwenye kile kitabu "yake" ni mali.

"Una chochote cha kuonyesha?"

Nikatoa viazi kimoja kimoja juu ya meza, halafu kikopo. Akafungua, akapandisha miwani, akanitazama mimi badala ya kete.

"Mama, umetembea na hivi katikati ya mji?"

"Vilikuwa chini ya viazi."

"Mungu anakupenda. Ungekamatwa navyo barabarani, leo tungekuwa tunaandika habari zako."

"Sasa nisaidieni. Dawa ya kumtoa inapatikana wapi?"

"Kwanza tumalize kuandika."

Akamaliza. Akanisomea polepole, kama padri anavyosoma majina ya marehemu. Mimi Cresensia, mkulima na mfanyabiashara mdogomdogo, naeleza kwamba binti yangu Letisia anauza madawa ya kulevya katika saluni yake iliyopo Makambako. Ni sahihi? Sahihi. Nikaweka saini, mwandiko wangu wa kuunganisha herufi, ule uliokuwa unasifiwa na mwalimu. Hata nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimefanya kitu.

"Atapelekwa hospitali leo?"

"Kwanza tumpate," akasema.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anamenya viazi vya mchana. Baridi ilikuwa inauma, lakini yeye paji la uso lilikuwa linatiririka jasho. Aliniona mimi kwanza, maana nilitangulia.

"Mama, kile kikopo changu kiko wapi?"

"Wamekuja watu wa kukusaidia."

Akawaona nyuma yangu, Afande Danieli na askari mmoja wa kike. Hakukimbia. Basil akatoka ndani ameshika kikombe.

"Letisia ni wewe?" Afande akauliza. "Weka kisu chini, binti. Unatuhumiwa kuuza dawa za kulevya."

"Kuuza?" Akaniangalia. "Mama, umesema nauza?"

"Majina si nimeyaona! I, J, J, J!"

"Majina gani?" Akasimama, akaanza kuhesabu kwa vidole mbele ya uso wangu. "Ijumaa! Jumamosi! Jumapili! Jumatatu! Majina gani, mama?"

Vidole vinne vikabaki hewani.

"Kila siku kidogo kuliko jana," akasema, sasa kwa Afande, kwa haraka. "Cha Jumatatu hakilevyi hata kifaranga. Kilikuwa cha kunifikisha Mbeya nisitapike kwenye basi. Jumatatu napokelewa kliniki, kuna dawa ya kunywa, methadoni. Sista Hosiana kaniombea nafasi. Karatasi iko kwenye kiatu, ndani, cha kushoto."

Yule askari wa kike akaileta. Afande akaisoma yote, akaigeuza nyuma kama anatafuta mlango wa kutokea.

"Mama, hapa pameandikwa anatumia."

"Ndiyo, afande. Nimekosea."

"Wewe umesema anauza. Nilikuuliza mara mbili."

"Futa basi."

"Mimi si wa kufuta. Kuna maelezo, kuna saini, kuna kielelezo." Akakunja karatasi. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. "Ungesema anatumia, ningekuonyesha mlango mwingine. Ningekupeleka mwenyewe kwa huyo Hosiana."

Letisia aliomba avae viatu. Alipokuwa anafunga kamba, zikamponyoka mara mbili, ikabidi askari wa kike ainame amfungie. Basil alikuwa amesimama palepale na kikombe chake.

"Mimi nilisema ufiche redio," akaniambia. "Sikusema ufiche mtoto."

Jumamosi nilipeleka uji. Letisia alitolewa dakika chache mbele ya kaunta. Wenyewe wanaiita arosto, hali ya mwili ukiukosa unga wa kulevya. Anapiga miayo mfululizo kama mtoto, machozi yanatoka bila kulia, pua inavuja, miguu inapiga mateke yenyewe. Uji aliunusa tu, akageuza uso.

"Mama, usilie. Ukilia na mimi nitalia, na pua hizi tayari zinanitosha."

"Nisamehe."

"Nilikuwa nashuka ngazi, mama. Kidato kimoja kimoja. Nimejipimia mwenyewe, mwezi mzima. Wewe umenisukuma kutoka juu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema Jumapili."

Kutoka pale nikaenda kwa Sista Hosiana. Alikuwepo, kama walivyosema. Dada mdogo tu, umri kama wa Letisia.

"Jumatatu ndiyo siku yake," akasema. "Asipofika wanamwita anayefuata. Wanaosubiri ni wengi."

"Wamletee hiyo dawa mahabusu."

"Mama, ile dawa haitumwi kwenye kifurushi. Inanywewa palepale, mbele ya mhudumu, kila siku ya Mungu."

"Kila siku? Mbeya?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimeshamtafutia na mahali pa kulala, kwa mama mmoja mjane." Akafungua daftari lake, akalifunga. "Ungekuja kwangu kwanza, mama."

"Nilikuja Ijumaa. Ulikuwa safari."

Akalifungua tena lile daftari. Halafu akasema taratibu, "Nilikuwa Makambako. Nilikwenda kumalizia mambo yake."

Jumatatu ikafika. Saa ambayo basi la Mbeya linaondoka mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje nyumbani, na mkoba wa Letisia magotini. Gari dogo likasimama barabarani, akashuka mwanamke mnene, kucha ndefu, nywele zimesukwa vizuri hata nikazitazama. Nimwite Oktavia, maana jina lake siliandiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mimi ndiye mwenye ile saluni ambayo Letisia alikuwa anasuka. Lakini nimesikia kwenye maandishi saluni ni yake." Akaweka mfuko kwenye benchi. Sukari na mafuta ya kupikia. "Nimekuja kushukuru."

Sikuelewa upesi. Kwangu vitu huingia polepole.

"Kwa hiyo anayeuza ni wewe?"

"Mimi nasuka tu, mama."

"Na wale wenye vipara?"

"Wanakuja kutengeneza ndevu." Akacheka, sauti nzuri kabisa. "Mama, umesema vizuri. Shikilia hapohapo. Ukiitwa mbele ya hakimu usije ukayageuza maneno. Mtu akigeuza maneno anaitwa mwongo, na mwongo hata majirani hawamlindi."

"Unanitisha?"

"Nakuheshimu. Wewe ni kama mama yangu." Akaingia kwenye gari. "Msalimie Leti. Mwambie akitoka, mlango wangu uko wazi."

Unaona maneno ya sokoni yalivyo? Prisila hakudanganya yote. Vipara vilikuwepo. Saluni ilikuwepo. Kilichokosewa ni mtu tu, na mtu ndiye mwanangu.

Jumanne Letisia akatoka kwa dhamana. Basil ndiye aliyemdhamini, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa amepungua hata kuliko alivyokuja, lakini yale mateke ya miguu yameisha, jasho limekauka. Nikashangilia moyoni. Nikasema, kumbe Mungu ametengeneza njia yake, ameacha bila Mbeya.

Sista Hosiana akaja jioni ile kumwona. Alipokuwa anaondoka akanivuta mpaka kwenye uzio.

"Mama, usifurahi. Hizi ndizo siku mbaya kuliko zote."

"Mbona amepona?"

"Mwili umeshasahau kile kiasi alichokizoea. Moyo haujasahau. Akirudia kipimo chake cha zamani hata mara moja, anaweza kufa papo hapo, hata kabla hajafika nyumbani. Asikae peke yake. Mimi napambana nimpatie nafasi nyingine."

"Lini?"

"Mwezi, labda zaidi. Asikae peke yake, mama. Umenisikia?"

Nilimsikia.

Jumatano ikaletwa hati ya kuitwa mahakamani. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Basil aliisoma kwa sauti, akarudia mstari mmoja mara mbili. Upande wa mashtaka, shahidi wa kwanza: Cresensia.

"Utasema nini?" Basil akaniuliza.

"Sijui. Nikisema nilidanganya, mimi ni mwongo. Nikisema nilisema kweli, mtoto amekwisha."

Letisia alikuwa amejilaza kwenye mkeka, tukadhani kalala.

"Mama, sema ulichokuwa unajua."

"Sikuwa najua kitu."

"Basi sema hivyo."

Hilo tu. Tena hakunigombeza. Tangu atoke hajanigombeza hata mara moja, na afadhali angenigombeza.

Nafasi yangu ya leo imebaki ndogo. Mama mwenzangu, ulipo, Njombe, Makambako, Makete, popote, haya uyaepuke. Nimeyaandika kama yalivyonipata, sina elimu ya kuyapanga.

Usiamini maneno kwa sababu yanachekesha.

Usimpekue mtoto halafu ukatoka mlango wa nyuma. Ukikuta kitu mngoje arudi, muulize yeye mwenyewe, akiwa ameketi na amekula.

Usibebe vitu hivyo kwenda navyo mahali, hata kama ni kuonyesha, hata kama ni kwa daktari.

Usiende ofisini na sentensi moja. Kama unauliza, sema "nimekuja kuuliza." Hutapigwa.

Usione haya kusema anatumia. Kutumia ni ugonjwa, na ugonjwa una mlango wake. Usiseme anauza kama hujamwona kwa macho yako akiuza.

Usisaini kitu kwa sababu mwandiko wako ni mzuri.

Usimwone mjinga mtoto anayepunguza kidogo kidogo. Wala usimfungie aache kwa siku moja ukadhani umemponya.

Usiende kwa mganga. Pepo la ziwani halipo.

Ukiambiwa njoo kesho, usione kesho ni mbali.

Usipokee sukari ya mtu usiyemjua. Mimi niliirudisha, lakini baada ya siku mbili, na watu walishaiona kwenye benchi langu.

Usimwache peke yake mtoto aliyetoka kifungoni bila dawa. Usimruhusu aende dukani hata kama anatembea vizuri, hata kama amekwambia kwa upole, mama, chumvi imeisha, ngoja nikanunue. Fungua kwanza kabati uangalie. Yetu ilikuwepo, pakiti nzima. Leo ni siku ya tatu, hajarudi.